Maswali ya Wasomaji: Umeme wa Kanda ya Ziwa ulikotoka, na mabaki yake yaliyomo ukutani

Barua za toleo hili zimetoka Mwanza, Bukoba na Ukerewe, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: umeme huu umepita mikononi mwa nani hadi kutufikia, na tufanye nini na vitu walivyoviacha. Tumezipanga kwa kufuata historia, si kwa tarehe tulizozipokea.

Msomaji, Nyamanoro: Marehemu babu alikuwa karani Tabora. Kwenye sanduku lake tumekuta stakabadhi za umeme zenye jina DARESCO. Wapo wanaosema hiyo ni TANESCO ya zamani, wengine wanasema ilikuwa kampuni ya Dar es Salaam peke yake. Ukweli ni upi?

Kila upande una kipande cha ukweli. Umeme wa kwanza Tanganyika uliwashwa na Wajerumani mwaka 1908 huko Dar es Salaam, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walikoishi wenyewe. Waingereza walipoishika nchi, kazi hiyo ikawa chini ya idara ya serikali kuanzia 1920. Mwaka 1931 wakaamua iende kwa kampuni binafsi, na zikazaliwa mbili. Moja ni DARESCO, iliyopewa Dar es Salaam pamoja na miji ya njia ya reli ya kati: Dodoma, Tabora na Kigoma. Kwa hiyo stakabadhi ya Tabora kuwa na jina hilo si ajabu hata kidogo. Ya pili ni TANESCO yenyewe, iliyoandikishwa tarehe 26 Novemba 1931 na kupewa upande wa kaskazini mashariki, ambako kazi yake kubwa ilikuwa kufua umeme kwa maporomoko ya mto Pangani na kuwauzia wenye mashamba ya mkonge.

Mwaka uliofuata, 1932, kampuni ya Nairobi iliyoitwa East African Power and Lighting ilinunua sehemu kubwa ya TANESCO. Hiyo ilikuwa imeundwa 1922 kwa kuunganisha kampuni mbili, ya Mombasa na ya Nairobi, na mwaka 1936 ikapata leseni ya Uganda pia. Yaani kwa miaka kadhaa, ukizunguka ziwa hili kwa meli, umeme wa bandari kadhaa ulikuwa na mkono wa ofisi moja ya Nairobi, ingawa bendera na sheria zilitofautiana. Mwaka 1964 Serikali ya Tanzania ilizinunua hisa, kampuni mbili zikafanywa moja, na ilipofika 1968 jina la DARESCO likawa limeondoka. Lililobaki ni la mdogo wake wa kaskazini mashariki.

Kama tarehe za stakabadhi zimefutika, angalieni fedha. Shilingi ya Tanzania ilianza Juni 1966, kabla ya hapo ilitumika ya Afrika Mashariki. Karatasi yenye jina DARESCO, basi, ni ya kati ya 1931 na 1968, na ikitaja fedha za Afrika Mashariki yaelekea haivuki 1966 kwa mbali. Msiipige lamineti: joto na gundi huiharibu wino. Pigeni picha, kisha iwekeni kwenye bahasha kavu mbali na ukuta.

Msomaji, Bukoba: Kwa miaka mingi sisi Kagera tumetumia umeme wa Uganda, na ukikatika huko tunakaa gizani huku. Tuko Tanzania. Nani aliamua hivyo?

Aliyeamua ni umbali. Uganda ilikuwa na chanzo kikubwa karibu nanyi kuliko chochote kilichokuwa Tanzania. Baada ya kampuni ya Nairobi, umeme wa Uganda ulikabidhiwa mwaka 1948 kwa bodi ya serikali, Uganda Electricity Board, na bodi hiyo ikajenga bwawa la Owen Falls pale Jinja, ambapo Nile inatoka ziwani. Malkia Elizabeth alilifungua mwaka 1954. Lilipangwa kuwa na mashine kumi za megawati 15, jumla 150, na wakati ule Uganda haikuwa na matumizi ya kuzimaliza. Kenya ikaanza kuununua mwaka 1958. Baadaye ikajengwa njia ya msongo wa kilovolti 132 kutoka Masaka, Uganda, hadi Kyaka, Kagera, na kutoka Kyaka umeme ukafika Bukoba.

Kuvuta nyaya kutoka Mwanza kuzunguka ziwa ungekuwa mradi mrefu mara kadhaa zaidi, tena kwa wateja wachache, na wakati huo Mwanza yenyewe ilikuwa mwisho wa laini. Kwa hesabu ya kibiashara, kununua Masaka ilikuwa njia ya akili. Kasoro yake ndiyo hiyo mnayoilalamikia: mteja wa nje ndiye wa kwanza kupunguziwa muuzaji akipungukiwa, kama ilivyokuwa mwaka 2006 maji ya ziwa yaliposhuka sana na Uganda ikaingia kwenye mgao mkali. Dawa yake ni kuwa na njia mbili za kuingilia, na ndiyo maana mtambo wa Rusumo kwenye mto Kagera, megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, una maana kwenu kuliko ukubwa wake unavyoonesha.

Mwanafunzi, Nansio, Ukerewe: Tumezungukwa na maji pande zote. Kwa nini tusubiri umeme wa bwawa la Kidatu wakati ziwa lipo hapa?

Mwanetu, maji yaliyotulia hayafui umeme hata yakiwa bahari. Kinachohitajika ni maji kuanguka. Hesabu yake ni fupi: zidisha 9.81 kwa mita za ujazo zinazopita kwa sekunde, zidisha kwa kimo cha anguko kwa mita, unapata kilowati. Mita moja ya ujazo ikianguka mita 20 inatoa kilowati 196, na baada ya upotevu wa mashine unabaki na kama 170. Sasa weka kimo sifuri, kama ilivyo kati ya Nansio na Mwanza, uone jibu. Ziwa Victoria lina mlango mmoja tu wa kutokea, Jinja, na anguko liko huko. Kwa kisiwa, jua na betri vina hesabu nzuri zaidi kuliko maji.

Mfanyabiashara wa samaki, Kirumba: Nina majokofu matatu ya sangara. Saa moja jioni taa zinafifia, na kompresa mbili zimeshaungua. Fundi anasema umeme wa Mwanza ni dhaifu kwa sababu unatoka mbali. Ninunue stabilaiza?

Mama, fundi yuko sahihi kwa historia, lakini huenda amekosea kwa nyumba yako.

Zamani mji wa Mwanza uliwashwa na mitambo ya dizeli iliyokuwa hapa hapa. Gridi ilifika mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa njia ya kilovolti 220 inayopitia Dodoma, Singida na Shinyanga, ikileta umeme wa Kidatu (megawati 100 mwaka 1975, na 204 kufikia 1980) na wa Mtera (megawati 80, mwaka 1988). Msongo mkubwa haukuchaguliwa kwa kujionesha. Ukisafirisha megawati 60 kwa kilovolti 33 unahitaji ampia 1,050 kwa kila waya. Kwa kilovolti 220 unahitaji 157 tu. Joto linalopotea njiani hupanda kwa kipeo cha pili cha ampia, hivyo kwa waya ule ule upotevu unapungua zaidi ya mara arobaini. Hata hivyo laini ndefu ina tabia mbili mbaya: saa za matumizi makubwa msongo unashuka mwishoni mwake, na usiku wa manane, matumizi yakiwa madogo, unapanda hadi vituo vya kupoza umeme vilazimike kuuzuia. Mwanza ilikuwa mwisho wa laini kwa miaka karibu thelathini. Njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga, kilomita 670, ndiyo iliyopunguza tatizo hilo.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, pima. Chukua multimita, pima kwenye soketi ya jokofu saa nne usiku majokofu yote yakiwa yamezimwa, kisha saa moja jioni yakiwa yamezimwa, kisha saa moja jioni kompresa inapowaka. Vifaa vingi vya volti 230 huvumilia kati ya 207 na 253. Ikiwa kipimo cha pili tayari kiko chini ya 207, tatizo liko barabarani: transfoma imezidiwa au mpo mwisho wa laini ya mtaa. Waulize majirani, mwandike barua moja ya pamoja, iwe na namba za mita zenu na vipimo vya siku tatu mfululizo. Barua ya aina hiyo inampa mhandisi wa wilaya kitu cha kushika.

Ikiwa kipimo cha pili ni kizuri na cha tatu ndicho kinachoanguka, tatizo ni lako. Mara nyingi majokofu ya biashara yamewekwa banda la nyuma, yakavutiwa waya wa milimita za mraba 2.5 wenye urefu wa mita 40. Waya huo hupoteza milivolti 18 kwa kila ampia kwa kila mita. Kompresa zikivuta ampia 10 zinapoteza volti 7, hakuna neno. Lakini kompresa inapoanza kuzunguka huvuta mara tano au zaidi, na hapo unapoteza 36. Ikiwa jioni mtaani kuna 215, kompresa inapata 179. Inanguruma, haizunguki, koili zinachemka, na baada ya miezi michache zinaungua. Waya wa milimita za mraba 6 kwa umbali huo huo ungepoteza volti 15 tu wakati wa kuanza. Badilisha waya kwanza.

Stabilaiza ije mwisho, nayo isiwe ndogo: kwa kompresa ya wati 200 usinunue chini ya VA 1,500. Ujue pia kwamba stabilaiza haitengenezi umeme. Ili kukupa 230 kutoka 180, inavuta ampia nyingi zaidi mtaani na kumshushia jirani. Kilicho cha lazima kwa kila jokofu, hata umeme ukiwa mzuri, ni frijigadi yenye kuchelewesha dakika tatu, ili umeme ukikatika na kurudi ghafla kompresa isilazimishwe kuanza gesi ikiwa bado na msukumo.

Msomaji, Igoma: Kituo cha Nyakato kina mashine kubwa, kwa nini kimekaa kimya wakati mwingine hata tukikatiwa?

Kile ni kituo cha mafuta mazito, megawati 63, kilichoanza kazi 2013 wakati mabwawa yalikuwa hayatoshi. Mafuta mazito yakiwa baridi hayapiti kwenye bomba. Hupashwa hadi nyuzi kama 50 ili yasukumike, karibu 98 yakisafishwa kwenye mashine ya kuzungusha inayotenga maji na uchafu, na 120 au zaidi kabla ya kuingia kwenye injini. Mashine kama hizo hula gramu kama 210 kwa kila uniti. Zikiwaka zote kwa siku nzima ni takriban tani 317, yaani malori kumi na moja ya tani 30, kila siku, kutoka pwani. Umeme wa maji ukiwepo, kuziwasha ni kuchoma fedha. Na kama kilichokukatia ni nguzo iliyoanguka mtaani kwenu, hata Nyakato ikiwaka yote haikusaidii.

Msomaji, Mwanza mjini: Nimenunua nyumba iliyojengwa kabla ya Uhuru, karibu na kituo cha reli. Soketi zina matundu ya duara, fyuzi ziko kwenye ubao wa mbao, nyaya zimefunikwa kwa kitambaa, na rangi ni nyekundu na nyeusi. Fundi mmoja anasema abadilishe soketi tu. Mwingine anasema tuondoe kila kitu. Nimsikilize yupi?

Wa pili. Tueleze kwa nini, maana ni gharama.

Enzi hizo kampuni zilifuata utaratibu wa Uingereza. Soketi za duara zilikuwa za ampia 2, 5 na 15, na plagi zake hazina fyuzi ndani. Ulinzi wote ulikuwa kwenye ubao. Soketi ya mraba ya ampia 13 tunayoitumia leo ilitoka Uingereza mwaka 1947, ikiwa na fyuzi ndani ya plagi. Fundi wa kwanza akifunga soketi mbili za kisasa mahali palipokuwa na moja ya ampia 5, umepata sura mpya juu ya waya ule ule. Waya wa taa na soketi ndogo za wakati huo ulikuwa wa nyuzi tatu, kila uzi inchi 0.029, ukiupima ni milimita za mraba 1.28. Utachomeka pasi, fyuzi itakatika. Na hapo ndipo balaa linapoanza, kwa sababu fyuzi hizo hufungwa upya kwa mkono.

Waya halali wa fyuzi ya ampia 5 una kipenyo cha milimita 0.20. Wa ampia 15 ni 0.50, wa 30 ni 0.85. Mtu mwenye haraka huchukua kipande cha waya wa kawaida wa milimita za mraba 1.5 usio na nyuzi, akakikaza pale. Kipenyo chake ni milimita 1.38, ambacho ni kinene kuliko fyuzi ya ampia 45. Sasa kinachoyeyuka kwanza si fyuzi tena, ni waya uliomo ukutani. Fungua vishikio vyako vya fyuzi, umeme ukiwa umezimwa, uangalie. Katika nyumba za umri huo huwa hatushangai kukuta hata msumari.

Hicho kitambaa kimefunika mpira. Mpira wa nyaya hizo hukauka baada ya miaka ishirini na mitano au thelathini, hasa darini na karibu na vishikio vya balbu penye joto. Ukiwa umetulia unaonekana mzima. Ukiupinda unapasuka kama ganda la yai. Ndiyo maana kubadilisha soketi peke yake ni hatari kuliko kuacha: fundi anavuta waya, anaupinda, mpira unapukutika ndani ya bomba ambako hamuoni.

Kipimo cha kumaliza ubishi ni cha mega, kifaa kinachopima kama kifuniko cha waya bado kinazuia umeme kuvuja, si cha testa ya bisibisi. Zima mein swichi. Hakikisha hakuna umeme kwa kifaa ulichokijaribu kwanza mahali penye umeme, na ukijaribu tena baada ya kumaliza. Ondoa balbu zote, chomoa kila kitu, washa swichi zote za taa. Unganisha fezi na nyutro pamoja, pima kati yake na ethi kwa volti 500. Kazi mpya husoma megaomu mamia. Chini ya megaomu 1 haikubaliki, na nyaya za mpira mara nyingi huwa zimeshavuka hapo kuelekea chini.

Rangi zinataka tahadhari ya pekee. Nyekundu ilikuwa fezi, nyeusi nyutro. Leo fezi ni kahawia, nyutro ni buluu, ethi ni kijani na njano. Kwenye umeme wa fezi tatu ni mtego kamili: zamani fezi zilikuwa nyekundu, njano na buluu, sasa ni kahawia, nyeusi na kijivu. Yaani nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni fezi, na buluu iliyokuwa fezi sasa ni nyutro. Nyumba iliyokarabatiwa nusu ina zote mbili. Usiamini rangi kwenye nyumba hiyo, pima kila waya.

Kisha kuna ethi. Nyumba za zamani zilitegemea bomba la chuma lililobeba nyaya, au bomba la maji. Viungo vya bomba la chuma hushika kutu kwa unyevu wa ziwa, na mabomba ya maji yamebadilishwa kuwa ya plastiki miaka mingi iliyopita, hakuna aliyekumbuka kwamba ethi ilikuwa imefungwa hapo. Sasa mtapiga fito mpya za ethi ardhini, na mtakutana na jiwe. Mwanza ni mwamba. Breka ya kawaida ya ampia 20 inahitaji kama ampia 100 ili ikate mara moja, na kwa volti 230 hiyo inataka njia ya ethi yenye omu 2.3 au chini. Juu ya mwamba wa Mwanza hamtaipata kwa fito moja, na mara nyingi hata kwa tano. Msipoteze fedha kushindana na jiwe. Tafuteni mfuko wa udongo ndani ya kiwanja, hata ukiwa upande wa pili wa nyumba. Pigeni fito mbili au tatu zilizoachana kwa angalau urefu wa fito yenyewe. Panapokataa kabisa, chimbeni mfereji mlaze utepe wa shaba. Lengo liwe chini ya omu 200, halafu mfunge RCD ya miliampia 30 inayolinda soketi zote. Hiyo hukata kwa umeme mdogo unaovuja, wala haihitaji omu 2.3. Bonyezeni kitufe chake cha majaribio kila baada ya miezi mitatu, isipokata, imekufa.

Kwa nyumba ya vyumba vitatu tungependekeza taa ziwe kwenye waya wa 1.5 na breka ya ampia 6 au 10, soketi kwenye 2.5 na breka ya 20, jiko kwenye 6 na breka ya 32. Hita ya kuoga ya kilowati 5.5 huvuta ampia 24. Ipewe waya wake wa 6 peke yake. Msirithi bomba la chuma la zamani kwa kupitishia nyaya mpya kama ndani lina kutu, linakwangua.

Mkandarasi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na asaini fomu ya kukamilisha kazi. Kishoka atakufanyia kwa nusu bei, lakini hana saini ya kuweka. Kimoja unachoweza kukiacha ukutani kama kumbukumbu ni ule ubao wa fyuzi wa mbao, ukishakatwa kabisa na umeme pande zote mbili.

Mwenye nyumba za kupangisha, Buhongwa: Mwaka 2024 tuliambiwa tuingize namba tatu kwenye LUKU. Mita ya nyumba moja isiyo na mpangaji sikuifanyia. Sasa inakataa kila uniti ninayonunua. Mita imekufa? Na kwa nini nikinunua ya 10,000 napata pungufu ya jirani?

Mita haijafa. Kila namba ya LUKU yenye tarakimu 20 imebeba ndani yake muda ilipotengenezwa, ukihesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inabeba dakika 16,777,216 tu, na zilimalizika tarehe 24 Novemba 2024, duniani kote kwa mita za mfumo huu. Ili kuendelea, mita inapewa ufunguo mpya unaohesabu kutoka 2014.

Omba TANESCO wakupe namba za kubadilisha ufunguo wa mita hiyo. Zitakuwa mbili za tarakimu 20, na ya tatu ni ya uniti. Ingiza ya kwanza, subiri ikubali, ingiza ya pili, subiri, ndipo ya uniti. Ukizichanganya mita inakataa; usiendelee kubahatisha, rudi mwanzo kwa utaratibu. Uniti zilizokuwa ndani ya mita hazipotei. Zinazopotea ni namba ulizonunua zamani ukaziweka kwenye simu bila kuziingiza: ufunguo ukishabadilika, hazisomeki tena.

Kuhusu fedha, kwa bei za EWURA za 2016, mteja wa kawaida wa T1 alilipa shilingi 292 kwa uniti, ukiongeza VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) 3 na EWURA 1 ilikuwa 356.24. Kwa hesabu hiyo, shilingi 10,000 zilikupa uniti 28.07. Ununuzi wa kwanza wa mwezi ukikatwa kodi ya jengo ya shilingi 1,500, ulibaki na 23.86. Jirani yako huenda yuko D1, ya watumiaji wadogo, ambayo kwa bei hizo ilikuwa shilingi 100 kwa uniti, 122 pamoja na kodi, hivyo uniti 75 za mwezi zilikuwa 9,150. Akivuka 75, za ziada zilikuwa 350 kabla ya kodi, ghali kuliko zako.

Kama bado unashuku mita, tazama taa yake nyekundu. Pembeni pameandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti, mara nyingi 1,000. Zima kila kitu, washa balbu moja ya wati 100 ya nyuzi: inapaswa kupepesa kila sekunde 36. Ikipepesa na balbu ikiwa imezimwa, kuna kitu ndani ya nyumba bado kinakula, na kabla ya kulaumu mita kagua pampu ya kisima na waya uliovutiwa banda la jirani.